Kutaja Vitu Vyako kwa Kiingereza: Mwongozo Kamili Kuanzia Mfukoni hadi Kabatini

Mimina begi lako mezani. Ndiyo, sasa hivi, kabla hujasoma aya ya pili. Simu, funguo, kalamu iliyokauka, risiti za zamani, chaja, kitana, miwani, kadi ambayo hukumbuki ulipewa na nani. Huo ndio msamiati wako wa kwanza wa Kiingereza, na hakuna orodha ya kitabuni itakayoushinda, kwa sababu vitu hivyo unavigusa kila siku, na kila unapokigusa kimoja unapata nafasi ya kulitamka jina lake.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilianza vibaya. Nilikariri kamusi kwa herufi, nikianzia A, na nilikuwa nimeshajua kwamba "anvil" ni fuawe kabla sijajua kitana kinaitwaje. Fuawe sijawahi kumiliki. Kitana nilikuwa nacho mfukoni.

Baadaye niligundua jambo la pili, na ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Jina la kitu si kazi kubwa; utalijua kwa siku moja. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunakosea kwenye vijineno vinavyolizunguka jina hilo: ni kimoja au vingi, ni cha nani, nimekivaa au ndiyo kwanza nakivaa. Kwa hiyo hatua nyingi hapa chini hazihusu majina. Zinahusu majirani wa majina.

Hatua ya 1: Andika ulicho nacho, bandika jina juu ya kitu

Mwaka 1930, Mwingereza C. K. Ogden alitoa Kiingereza kilichopunguzwa hadi maneno 850, ambacho aliamini kingemtosha mgeni kwa mazungumzo ya kawaida. Kati ya hayo, 200 yalikuwa majina ya vitu vinavyoweza kuchorwa, na humo mna ufunguo, kitana, mwavuli na mkasi. Mradi wake haukuitawala dunia, lakini hesabu hiyo inatia moyo: vitu vinavyomzunguka mtu havina mwisho, ila vile vinavyotajwa mara kwa mara si vingi. Kwa kuanzia, arobaini vinatosha.

Gawanya kwa mahali, usigawe kwa herufi. Mfukoni na kwenye begi: "phone", "charger", "keys", "wallet", "ID card", "pen", "notebook", "earphones", "glasses", "comb", "umbrella". Bafuni: "toothbrush", "toothpaste", "soap", "towel", "razor", "mirror". Mwilini: "shirt", "trousers", "dress", "skirt", "belt", "jacket", "socks", "shoes", "underwear". Chumbani: "bed", "mattress", "sheet", "pillow", "blanket", "lamp", "hanger".

Sasa kata vipande vya karatasi, andika jina la Kiingereza peke yake bila tafsiri, ubandike kwenye kitu chenyewe. Tafsiri ya nini wakati kitu kiko mbele yako? Ukiandika "towel" kwenye ukurasa pamoja na neno taulo, akili itasoma taulo na kuruka lile jingine. Karatasi ikiwa imening'inia kwenye taulo lenyewe, jina la Kiingereza linakwenda moja kwa moja kwenye kitu. Ikifika siku unapita bila kuisoma karatasi, ibandue.

Hatua ya 2: Pambana na maneno yanayogawanyika

Kuna maneno ambayo kwetu ni moja na kwao ni mawili au matatu. Hapa kamusi ndogo za mfukoni huwaponza watu, maana hutoa tafsiri ya kwanza na kunyamaza.

Mfano mkubwa ni saa. Ya mkononi ni "watch", ya ukutani au ya mezani ni "clock", ile inayokuamsha ni "alarm clock". Ukisema umevaa "clock", msikilizaji ataona picha ya mtu aliyejifunga saa ya ukutani kifuani. Kioo nacho kina sura tatu: malighafi yenyewe ni "glass", cha kujitazamia ni "mirror", cha simu ni "screen". Hapohapo "glass" ni glasi ya kunywea, na ikiwa katika wingi, "glasses", inaweza kuwa glasi kadhaa au miwani. Sentensi nzima ndiyo inayoamua.

Mfuko ulioshonwa kwenye suruali ni "pocket", wa kubebea vitu ni "bag". Mkanda wa kiunoni ni "belt", wa saa au wa begi ni "strap", wa kunata ni "tape". Kamba nene ni "rope", nyembamba ni "string", za viatu ni "laces". Kofia yenye ukingo kuzunguka pande zote ni "hat"; yenye mdomo mbele tu ni "cap". Kabati la vyombo ni "cupboard", la nguo ni "wardrobe".

Pochi ina kisa chake. Ile bapa ya kukunja, ya noti na kadi, ni "wallet" kila mahali. Lakini "purse" kwa Mwingereza ni pochi ndogo ya fedha ya mwanamke, na kwa Mmarekani ni mkoba wake mzima. Si neno hilo tu. Tochi ni "torch" Uingereza, "flashlight" Marekani. Raba za michezo ni "trainers" kwa Waingereza na "sneakers" kwa Wamarekani. Neno "vest" Uingereza ni fulana ya ndani, Marekani ni kizibao. Na "pants", ambayo Marekani ni suruali, Uingereza ni chupi, kwa hiyo ukimsifu Mwingereza kwa "pants" zake nzuri, utakuwa umeona mengi. Kifutio pia: Mwingereza anaweza kukiita "rubber", neno ambalo Marekani ni kondomu; "eraser" haikuaibishi popote.

Ushauri wangu ni kuchagua upande mmoja wa kusema na kuelewa pande zote mbili. Mimi nasema "trousers" kwa sababu haimchanganyi mtu yeyote.

Hatua ya 3: Kimoja, viwili, au hakihesabiki?

Kiswahili husema nina kalamu, basi. Kiingereza hakiliachi jina la kitu kimoja kinachohesabika likiwa uchi: lazima liwe na "a", "an", "the", "my" au mwenzao mwingine mbele yake. "I have pen" ni kosa linalosikika mara moja. Sema "I have a pen". Tumia "an" pale sauti ya kwanza ni irabu: "an umbrella", "an earring", "an ID card". Nimesema sauti, sikusema herufi. Ndiyo maana sare ni "a uniform", kwa kuwa inaanza na sauti ya yu.

Kisha kuna vitu ambavyo Kiingereza huviona viwili hata vikiwa kimoja. Suruali ina miguu miwili, mkasi una makali mawili, miwani ina vioo viwili. Basi kwao ni wingi daima: "trousers", "scissors", "glasses", pamoja na "shorts" na "pyjamas". Huwezi kusema "a trouser". Sema "my trousers are dirty", hata kama ni suruali moja. Ukitaka kuhesabu, tumia neno la jozi: "a pair of scissors", "two pairs of trousers". Soksi na viatu ni tofauti, maana kimoja kinaweza kupotea mwenzake akabaki, kwa hiyo "a sock" na "a shoe" ni sahihi kabisa. Sisi tulipokea soksi pamoja na s yake ya wingi, ndiyo maana wengi husema "one socks" bila kujua.

Kundi la tatu ndilo gumu zaidi: vitu tunavyovihesabu sisi, wao hawavihesabu. Mizigo ya msafiri ni "luggage", kamwe si "luggages". Samani ni "furniture", vito ni "jewellery", nguo za ndani ni "underwear". Yote hayo hayapokei s wala "a". Kuhesabu, weka neno la kipimo: "two pieces of luggage", "a piece of furniture". Sabuni ni "a bar of soap", dawa ya meno ni "a tube of toothpaste", karatasi ni "a sheet of paper". Ukisema "a paper", msikilizaji atadhani ni gazeti au makala.

Na nguo? Hapa nimewasikia hata wasomi wakiteleza. "Clothes" ni nguo kwa jumla, haina umoja. "A cloth" ipo, lakini ni kitambaa, hasa cha kufutia meza. Mtu akikuambia "I bought a new cloth", ujue alitaka kusema nguo mpya. Taja nguo yenyewe, "a new shirt" au "a new dress", na tatizo limeisha.

Ukitaka kusema vitu vyangu bila kuvitaja kimoja kimoja, una njia tatu. "My things" inafaa popote. "My stuff" ni ya marafiki, na "stuff" haipokei s. "My belongings" ni ya matangazo na fomu, na s yake haiondoki.

Hatua ya 4: Cha nani?

Sarufi yetu hukitazama kitu: kitabu changu, viatu vyangu, saa yangu, begi langu. Kiingereza hakijali ngeli hata kidogo. "My book", "my shoes", "my watch", "my bag". Furahia; ni mahali pachache wanapoturahisishia.

Malipo yake yanakuja kwenye nafsi ya tatu. Simu yake haituambii kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinataka kujua: "his phone" ni ya mwanamume, "her phone" ni ya mwanamke. Kosa la "my sister lost his phone" linatoka hapo. Jizoeze kumtazama mwenye kitu akilini kabla ya kufungua mdomo.

Simu ya dada yangu inageuka: "my sister's phone". Mwenyewe anatangulia, kitu kinafuata. Wenye kitu wakiwa wengi na neno lao likiwa tayari na s, alama ya ritifaa inakaa nyuma ya s hiyo: "my parents' car". Na pale kitu hakitajwi kwa sababu kinaonekana, badilisha umbo: "This is mine", "Is this yours?", "That one is hers". Usiseme "this is my" ukaishia hapo. Sentensi itabaki ikining'inia. Kuuliza mwenyewe ni "Whose is this?"

Kuna jambo dogo ambalo vitabu vingi hulipita. Kiswahili huacha kumtaja mwenye kitu pale anapojulikana: nimevua viatu, ameweka mikono mfukoni. Kiingereza hung'ang'ania kumtaja: "I took off my shoes", "He put his hands in his pockets". Tazama hiyo ya pili, "his" mara mbili katika sentensi ya maneno saba. Kwetu ingeonekana kama mtu anayeogopa kuibiwa mikono. Kwao, usipoitia, inasikika pungufu.

Hatua ya 5: Hamisha jina, usivuruge sifa

Chaja ya simu ni "phone charger". Kamba za viatu ni "shoelaces". Mkanda wa saa ni "watch strap". Kanuni ni kuondoa kiunganishi na kugeuza: kitu chenyewe kinakaa mwisho, na kile kinachokieleza hutangulia, kwa kawaida katika umoja. Ndiyo maana ni "toothbrush" hata kwa mwenye meno thelathini na mawili. Nguo na miwani hubaki na s zao, "clothes hanger" na "glasses case", kwa sababu ukiiondoa unapata neno jingine kabisa.

Chunga tofauti ya chombo na kilichomo. "A water bottle" ni chupa ya kubebea maji, hata ikiwa tupu. "A bottle of water" ina maji ndani. Kwa Kiswahili zote ni chupa ya maji, na tunaelewana kwa muktadha.

Sifa zikiwa nyingi, watu huogopa bila sababu. Chukua begi dogo kuukuu jeusi la ngozi. Kiingereza: "a small old black leather bag". Zitazame sifa: dogo, kuukuu, jeusi, ngozi. "Small", "old", "black", "leather". Ukizitaja kwa mpangilio huo, zinabaki zilivyo. Kilichohama ni begi tu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo zoea ukubwa, umri, rangi, kisha kilichotengenezea, umalize na jina.

Hatua ya 6: Vitenzi vinavyoandamana na vitu

Amevaa gauni jekundu. Wengi wetu tutasema "She has worn a red dress", kwa kuwa -me- tumezoea kuitafsiri kwa "has". Lakini -me- hapa inaonyesha hali iliyopo, nguo iko mwilini sasa, na Kiingereza huisema "She is wearing a red dress". Ile nyingine inamaanisha aliwahi kulivaa wakati fulani. Na anavaa viatu, kwa maana ya kwamba yuko katikati ya kuviingiza miguuni, ni "She is putting on her shoes". Kuvua ni "take off". Saa, miwani, pete na hata manukato, vyote huchukua "wear".

Funga ni kitenzi chetu cha kazi nyingi, na Kiingereza hukivunja vipandevipande kulingana na kitu. Kamba za viatu ni "tie", mkanda ni "fasten", zipu ni "zip up", begi ni "close", mlango kwa ufunguo ni "lock". Redio na taa hazifunguliwi wala kufungwa kwa "open" na "close". Ni "turn on" na "turn off".

Azima ni mtego mwingine, kwa sababu katika mazungumzo tunaitumia kwa anayetoa na anayepokea. "Borrow" ni ya anayepokea, "lend" ni ya anayetoa. Naomba uniazime kalamu: "Can you lend me your pen?" au "Can I borrow your pen?" Mimi nilisema "borrow me your pen" kwa miaka, na kalamu nilipewa kila mara, ndiyo maana sikujua kwamba nakosea.

Nimesahau simu nyumbani ni "I left my phone at home". "Forget" hutumika vizuri ukiishia kwenye kitu, "I forgot my phone", lakini ukitaja mahali, hamia kwenye "left". Na nina simu ni "I have a phone" au "I've got a phone", si "I am having".

Hatua ya 7: Midomo

Maandishi ya Kiingereza hudanganya, na masikio yetu ya zamani yalikuwa makini kuliko macho yetu ya sasa. Neno kabati lilipokelewa kutoka "cupboard" kwa kusikia, na tazama: p haimo. Ndivyo linavyotamkwa hadi leo, karibu na kabad. Risiti nayo iliiacha p ya "receipt" palepale inapostahili. Fuata mfano huo: "comb" haitamkwi b, "knife" haitamkwi k, "scissors" ni sizaz, "iron" ni kama aian. "Clothes" ni silabi moja, na wenyeji wengi huitamka klouz tu.

Tunapenda kumalizia kwa irabu. "Bag" ikate kwenye g, usiipe i ya begi. Na i ndefu ya "sheet", shuka ya kitandani, ivute kwelikweli, maana ukiikatisha utakuwa umetukana.

S ya wingi ina sauti tatu: s kwenye "belts", z kwenye "keys", iz kwenye "watches" na "brushes".

Hatua ya 8: Poteza begi lako kwa makusudi

Zoezi linalokusanya yote ni kuripoti kitu kilichopotea. Rudi kwenye lile begi la mwanzo, jifanye umelisahau kwenye basi, na uko mbele ya mtu anayejua Kiingereza tu. Sema hivi kwa sauti:

"I've lost my bag. It's a small black leather bag with a broken zip. I left it on the bus. There's a phone charger in it, a pair of glasses, an umbrella and some keys. The keys aren't mine. They're my brother's."

Nimepoteza begi langu. Ni begi dogo jeusi la ngozi, zipu yake imeharibika. Nimelisahau kwenye basi. Ndani mna chaja ya simu, miwani, mwavuli na funguo kadhaa. Funguo si zangu. Ni za kaka yangu.

Katika maneno hayo machache umetumia "a" na "an", umepanga sifa, umegeuza chaja ya simu, umehesabu miwani kwa jozi, umechagua "left" badala ya "forgot" na umemtaja mwenye funguo kwa njia mbili. Rudia kesho kwa begi jingine, keshokutwa kwa kabati la nguo, kisha uache siku tatu zipite kabla ya kurudia la kwanza. Pengo hilo ni la makusudi: kinachokumbukwa kwa shida kidogo hukaa kuliko kinachorudiwa mara kumi jioni moja.

Siku ya nne lifunike begi kwa shuka, taja kila kilichomo bila kuchungulia, halafu lifunue uone ulichoruka. Hicho ulichoruka ndicho kinachobandikwa karatasi tena.